Vidole vya Nestor kwenye Nta

Jumanne, 6 Februari 2024
Kalembe. Mvua tangu asubuhi. Jumamosi tunaondoa matanga ya Nestor, mume wangu. Mwaka umepita tangu wenzake warina asali warudi kutoka msitu wa Walikale na kofia yake tu. Mto ulimchukua, walisema. Kaburi hakuna. Ndiyo maana Mama mkwe anataka mishumaa ya nta ya nyuki wa msitu uleule. Mbonigaba, mchuuzi, ameniahidi donge moja.

Alhamisi, 8 Februari
Siamini! Nimeligeuza donge aliloleta Mbonigaba: alama za vidole vitatu, cha katikati kifupi. Nestor! Mtego ulimkata kidole hicho. Kila nta aliyomimina aliibonyeza hivyo kabla haijaganda, wanunuzi waijue.

Labda ya zamani? Hapana. Nta ya zamani huota ukungu mweupe. Hii ni ya manjano, bado inanukia asali.

Nimelifunga donge katika kitenge.

Ijumaa, 9 Februari
Nimemwonyesha donge Élie, mdogo wake Nestor. Alilirudisha upesi kama linamchoma. "Shemeji, watu wa kukatika vidole iko wengi. Yeyusha tu!" Lakini hakunitazama.

Nikamfuata Mbonigaba: nta ameinunua kwa nani? Akacheka. "Kwa mama mumoja wa njia ya Bisie, kule Walikale, Mama Pétronille. Iko na mutoto mugongoni. Anajisifu bwana yake ndiyo fundi wa nta, hata kama anakosa kipande ya kidole!"

Mtoto mgongoni! Mimi hapa na nguo nyeusi — Nestor kule anakamua nta, anazaa! Nimerudi nyumbani sijui kwa njia gani.

Jumamosi, 10 Februari
Uwanja umejaa watu. Mama mkwe amekula leo, ameimba hata. Nikisema, atajua mwanawe yu hai — na alimtupa. Nikinyamaza, Padri atamwombea pumziko mtu mwenye afya yake. Nta ikiyeyuka, alama imekwisha. Nani ataniamini baadaye?

Nimejifungia jikoni. Sufuria iko motoni, nyuzi za pamba tayari. Donge liko mapajani.

Élie anagonga. "Shemeji, buji za nta iko wapi? Padri amefika! Unafanya nini humo?"

Yu hai. Nilipaswa kupiga vigelegele. Mungu wangu — sisikii furaha hata kidogo.

Anagonga tena. Nimeongeza kuni, nikalitumbukiza donge.