Rangi Nyekundu ya Mulima na Sufuria ya Masereka

Nyakalengija

Baba yangu,

Nakusalimia sana, wewe na mama na batu bote ya nyumba. Kifua yako iko namna gani? Mama anafika shamba bila kupumzika njiani, ao goti ingali inamusumbua? Mimi niko muzima. Mabega tu ndio inauma, lakini ya mupagazi inaumaka kila siku.

Biira dada yangu, wewe ndio utasoma. Soma yote. Ukifika mahali ya hasira usiruke, na usiongeze maneno yako ya sukari. Baba, kwa simu ungenisikia nasema ndiyo baba, ndiyo baba, halafu nakata. Unanijua, mudomo yangu inafunganaka mbele yako. Kwa hiyo nimetafuta karatasi, na Hajji wa lori ya chumvi amekubali kuifikisha Bwera.

Ni habari ya ndugu yangu Masereka. Usimwambie Biira afunge karatasi. Ngoja.

Tulipandisha mulima na muzungu mumoja, mwanamuke, mutu wa kucheka. Alikuja kupiga picha ya rangi. Anasema kwao, mbele ya baridi kuingia, majani ya miti inageuka nyekundu na manjano, na batu banafunga safari kwenda kuiangalia tu. Nilishangaa, mutu mukubwa kuhangaika hivyo juu ya majani. Lakini alikuwa na heshima, ananiita kwa jina, Kule, na mimi nilikuwa namubebea ile miguu tatu ya kusimamisha kamera. Mukubwa wa safari alikuwa Baluku, yule wa koti ya buluu. Ndiye alikuja kwetu kiangazi ya kupita na afande mulinzi wa paki ya mulima, akakaa kwa kiti yako, akasema mutoto wako Masereka ameunguza mulima. Mimi nilikuwa Kasese, nafyatua matofali. Hakunionaka.

Kupita kibanda ya kwanza ya kulala bageni tulitokea kwa mutelemuko yenye iliungua. Baba, wewe haujaiona. Katikati miti imebaki nyeusi, imesimama kama batu beko na njaa. Lakini pembeni, kwenye moto ilipitisha joto na moshi tu, majani haikuanguka. Ilikaukia juu ya miti, ikawa nyekundu, ingine rangi ya kutu, na gugu ya chini ikawa manjano. Ukungu ikafunguka, jua ikapiga pale. Ni muzuri, siwezi kudanganya. Muzungu akapiga magoti kwa matope, akapiga picha, akapiga tena. Akauliza kama inakuwa hivi kila mwaka. Baluku akajibu ndiyo, kila mwaka, huu ndio musimu yetu. Kizungu kidogo hiyo mimi naisikia.

Ile ni maiti, baba. Yeye anaionyesha kwa bageni kama nguo ya Krismasi.

Jioni tulikuwa tunakunywa chai chini ya jiwe, muzungu iko ndani ya kibanda anafuta kamera yake. Thembo, muzee wetu sisi bapagazi, akamuchokoza Baluku: unamudanganya mutoto wa batu, majani ile itarudi lini? Baluku akacheka mpaka chai ikamupalia.

“Hii ni shamba yangu,” akasema. “Bengine banapanda kahawa. Mimi nilipanda na kiberiti.”

Bakacheka bote. Basi akaeleza. Kiangazi ile, mugeni wa siku hiyo alitaka picha ya moto. Baluku akawasha ile ndevu kavu yenye inaning'inia kwa miti, tawi moja tu, upepo ikaichukua, yeye na mugeni bakakimbia. Na kule chini, afande alipouliza nani, yeye akageukia bapagazi akauliza: sufuria ilikuwa na nani?

Sheria ya huku unaijua, balikuelezea. Mwenye kubeba sufuria ndio anazima moto ya chai. Anamwaga maji, anakanyaga jivu, ndio anafuata benzake. Masereka ndiye alibeba, na alizima. Akajibu, ilikuwa na mimi, na kesi ikaishia hapo. Hakuna mutu alimuuliza kama alizima. Hata wewe baba haukumuuliza. Ulitoa mbuzi kuomba mulima musamaha, halafu Jumapili ukasimama kanisani ukasema huyo haiko mutoto wako tena. Mbuzi ile, Baluku ndiye alipaswa kuitoa. Kahawa ya Masereka ukamupa kaka yetu Bwambale achume. Leo ndugu yangu analima mahindi ya batu kule Karusandara, na jioni anapanga foleni ya chakula na vibarua.

Unajua juu ya nini Baluku alisema yote mbele yangu bila woga? Juu ya jina. Jina ya sisi Bakonzo inasema tu mutoto ni wa ngapi, haisemi ni wa nani. Kule ni wa nne, na mulima yote imejaa Bakule. Aliniona kama mbuzi imefungwa pembeni.

Akaniangalia, akasema, “Kule, wewe hata kucheka haujui?”

Nikamwambia, “Masereka ni ndugu yangu. Mama moja, baba moja.”

Thembo akaweka kikombe chini. Baluku akanong'ona, “Mbona haukusema?”

“Haukuuliza.”

Asubuhi alikuja na sauti ya asali. Ati leo nibebe begi ndogo ya kamera tu, ni nyepesi. Nikaiweka chini. Muzungu akauliza kuna nini, na mimi Kizungu ya kueleza sina. Nikamushika mukono, nikamupeleka kwa muti yenye aliipendaka sana, nikasugua ganda na kiganja, nikamuonyesha. Nyeusi. Naye akasugua, akanusa vidole yake. Akamuangalia Baluku mara moja tu. Baluku akaanza kutafuta kitu ndani ya koti yake. Muzungu akafunika kamera, na pale hakupiga picha tena.

Thembo amekubali. Siku ya soko atashuka Bwera, atasema yenye alisikia kwa masikio yake, mbele yako na mbele ya bazee ya kanisa. Mupe kiti, lakini usimupe ile alikalia Baluku.

Mimi siji Krismasi kama Masereka haiko ndani ya nyumba. Nimesema.

Musalimie mama, mwambie asilie, amupikie tu. Biira, busu mutoto. Katekista jirani yetu musalimieni pia, yeye peke yake alimusindikiza Masereka mpaka barabara. Na Bwambale, kaka yangu, aachie miti ya kahawa yenye haiko yake.

Baba, ndani ya barua nimefunga tawi kidogo ya rangi ile. Usiitupe. Ifinye na vidole yako, uone rangi inabomoka na nyeusi inabaki kwa ngozi. Halafu usinawe. Na vidole hiyo hiyo, umufungulie mutoto wako mulango.

Ni mimi mutoto wako wa nne,
Kule