Baba Aliyeimba Bila Kusikia

Mwaka umetimia, Baba Phares Makokha, tangu tukusindikize Webuye na kukuzika kando ya mama yako. Tunakuandikia kwa sababu tumezoea. Miaka kumi na mmoja kila tulichotaka kukwambia tulikiandika kwenye daftari, ukasoma, ukatujibu kwa sauti ya kuamsha wapangaji wa ploti nzima.

Mashine za kiwanda cha misumari ulichofanyia kazi hapa mtaani Baba Dogo zilikumaliza masikio pole pole. Hukuona haya. Uliwaambia wageni kwamba masikio yako sasa ni ya kushikilia miwani tu, na ukacheka kabla yao.

Kanisani hukukosa hata Jumapili moja. Ulikaa benchi la mbele, kiganja kwenye ngoma ya Ndeti, mpigaji wa kwaya, ukifuata mapigo na kuimba besi. Siku moja ulitoa mkono upanguse miwani, na papo hapo wimbo ukaisha. Wewe ukaendelea. Pasta ameshafungua Biblia, kanisa kimya, na wewe ndio kwanza unapandisha kiitikio! Mwanao Frankline akakuvuta koti: "Mzee, wacha, tushamaliza!" Utasikia wapi? Sisi watoto wako tuliinamisha vichwa kwa aibu. Mama ndiye aliyesimama akaimba nawe, watu wakafuata, na wimbo ule ukaimbwa mara mbili.

Jioni binti yako Celine alikuandikia: unamwimbiaje Mungu na husikii chochote? Ukamjibu, "Kwani mimi nikiacha kusikia, yeye ameacha kuongea?" Kisha ukaomba chai.

Sasa Baba, lazima tukwambie habari za Mama. Baada ya mazishi, kila zamu yetu ya ibada ya nyumbani ilipofika alitafuta kisingizio. Mara ana homa, mara ana wageni. Jirani yetu Mutheu hakudanganyika.

"Mama Jacky, wageni gani na mlango umefunga hivi? Si uniambie tu ukweli."

Mama akalia palepale mlangoni. "Mutheu, niliomba mpaka nikachoka. Ni kama naongea na ukuta. Nimeacha."

Tuliogopa sana. Huyu ndiye aliyetufundisha kupiga magoti. Tuliendelea kuomba, yeye akiwa amekaa kando, akituangalia.

Juzi Jumanne alikuwa akikata mboga za sukuma, mara akaweka kisu chini. "Baba yenu alikaa na mimi miaka kumi na mmoja bila kusikia sauti yangu," akasema. "Na hata siku moja hakuniuliza kama bado niko." Alilia kidogo, akacheka, kisha akampigia Mutheu simu. Akamwambia ibada ya Jumamosi hii ni kwetu, na waje mapema kwa sababu chapati zitakuwepo.

Unakumbukwa na mke wako Phelister, watoto wako Jacklyne, Celine na Frankline, mkweo Sylvance, ndugu yako Job, Ndeti na waimbaji wote, Mutheu na majirani wa ploti.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Na Mama anasema tukuandikie kwamba ameanza kuomba tena.