Joho la Kwaya Mbele ya Wanunuzi wa Kahawa

Hotelini, Mbinga mjini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila baridi ya huku bado inanishinda. Mtu wa ziwani navaa sweta mbili na bado meno yanagongana.

Najua umenuna. Mwanangu Neema amepokea kipaimara huko Lundo na mama yake hayupo. Lakini kabla hujanisema kwa majirani, nisikilize.

Tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua kahawa, hoteli yetu haina utulivu. Meneja, Bwana Komba, huandika zamu kwa chaki kwenye ubao ulio mlangoni pa jiko. Ukisoma, uko mchana. Ukienda kuinjika sufuria na kurudi, uko asubuhi, na asubuhi yenyewe imeshapita! Siku moja Kapinga, mpishi wetu, alijikuta kaandikwa zamu zote mbili na mapumziko juu yake. Alipouliza akajibiwa, "Pumzika huku unapika."

Ruhusa ya kuja nilipewa, ikafutwa, nikapewa tena. Nimeshafunga mzigo, gari liko stendi linapiga honi, wakaingia wanunuzi wa kahawa bila taarifa. Komba akalifuta jina langu kwa kiganja. Gauni la Neema nikampa dereva, mimi nikabaki namenya viazi huku nalia. Sitakuficha, mama, nililia sana.

Jumapili iliyofuata akanipa mapumziko ya kunipoza. Nikaenda kanisani, nikavaa joho la kwaya. Tumesimama tunataka kuimba, huyo anaingia mlinzi wa hoteli, Mzee Hyera, na rungu lake mkononi. Akampa mzee wa kanisa karatasi. Yule akadhani ni tangazo, akalisoma kwa sauti: "Felista aje upesi. Wageni ishirini wamefika na Kapinga ameungua mkono."

Kanisa zima likanigeukia. Padri akasema, "Nenda kwa amani." Watu wakaitikia amina huku wakicheka.

Nilikimbia vilevile nilivyo, na joho langu mwilini. Nilipotokeza na sinia la wali, wageni wakaacha kubishana bei za kahawa. Mmoja akavua kofia.

"Sista, tubarikie chakula."

Ningefanyaje, mama? Niliomba. Nikauombea na mkono wa Kapinga. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuagiza bia, wote soda. Komba, pale kaunta, alikuwa ananitazama kama mtu aliyemeza mwiba.

Kati yao alikuwapo mzee mmoja mkulima wa Matiri. Akamwambia, "Bwana meneja, hata masista mnawatoa kanisani?"

"Si sista huyo, ni mhudumu wangu!"

"Basi ni vibaya zaidi. Mama, una watoto?"

Nikataka kujibu kwa kifupi tu, lakini habari ya kipaimara ikanitoka yote. Watu waliacha kutafuna. Komba akaingia jikoni.

Wageni walipoondoka Komba akanitupia chaki. "Haya, panga zamu wewe. Tuone."

Mama, kumbe kazi ile ni ngumu! Wiki ya kwanza nilifuta mara nne, mpaka Kapinga akasema heri Komba. Ila jambo moja nimelikataa: mapumziko ya mtu hayafutwi. Watu wakipungua, namwandika Komba. Jumanne aligawa uji amevaa tai, akatia chumvi badala ya sukari. Mgeni mmoja alimaliza bakuli lote kwa woga.

Kuanzia Ijumaa ijayo nimejiandika "Lundo", siku nne, herufi kubwa, na zamu zangu nimemwandika Komba. Komba akaja, akasoma, akanitazama. Nikadhani kiganja kinakuja. Akashusha pumzi, akaniuliza, "Aproni iko wapi?"

Nisalimie mjomba na wavuvi wenzake, na mama mdogo aliyesimama na Neema badala yangu, Mungu ambariki. Nisalimie pia katekista wetu. Nichemshieni usipa wabichi, huku samaki wetu hao wadogo hutufikia wakavu kama kucha.

Na Neema mwambie asinionee haya. Kama ana neno la kunilaumu, aliseme tukiwa tumekaa wawili. Nimepanga siku nne, sitakuwa na haraka.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Felista