Maharage Chini ya Koti

Neema mjukuu wangu,

Hapa mtaani kwetu Bertrams hatujambo. Bibi yako anashona, na goti lake haliumi tena. Umeuliza ni nini kiliiangusha ndege yetu ndogo kule Kivu nikiwa kijana.

Tuliiangusha sisi wenyewe. Mizigo ilipimwa, watu hawakupimwa, basi kila abiria alificha mwilini zawadi za kupelekea ndugu. Mimi nilijifunga maharage chini ya koti. Ndege iliruka, ikashindwa kupanda, ikaangukia shamba la mihogo. Tulitoka wote wazima.

Watu walipoanza kumtukana rubani, nilivua koti. Mama mmoja akanitazama, akafungua kitenge chake, akatoa ndagala, samaki wadogo wakavu. Wengine wakafuata, mpaka rubani akakaa chini akalia.

Sasa unakuja kwetu kwa ndege. Usinifichie kitu. Kitakachozidi kwenye mzani kiache, uje wewe.

Babu yako