Seli Hazikulala

Jumatatu, 13 Mei

Nimeshindwa tena kwenye jaribio la maabara. Mara ya tatu! Madoa yangu ni machache kuliko kiwango cha chini. Na nimefuata utaratibu herufi kwa herufi: alasiri nikayeyusha seli za damu zilizogandishwa, nikazilaza usiku kucha kwenye kabati la joto, asubuhi nikazitia kwenye vishimo vya sahani pamoja na vipande vya kirusi cha homa ya dengi. Seli inayomkumbuka adui huacha doa. Unahesabu madoa. Basi.

Kichekesho: seli zenyewe ni zangu. Niliugua dengi mara mbili utotoni, kule Garut, ndiyo maana maabara ilinichagua. Kila sahani ya kila mtu hapa hupimwa kwanza kwa damu yangu. Damu imefaulu. Mikono ndiyo mibaya.

Mama Herlina, mkuu wetu, kasema mbele ya wote, kwa ile sauti yake laini: "Mwanangu Anis, pumzika, ziache sahani kidogo. Wenzako wote majibu yao yanalingana." Dada Imas, mpimaji mwenzetu ambaye pia ndiye anayetoa watu damu, akadakia: "Labda anazisomea tasnifu yake, seli zinasinzia!" Wakacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma — kwamba nilicheka.

Jumatano, 15 Mei

Nabandika lebo. Shahada mbili, nabandika lebo.

Mwezi ujao zinaingia sampuli za watu waliopewa chanjo mpya. Asiyefaulu kipimo hazigusi.

Natikisa chupa kwa nguvu mno? Naiacha nje ya barafu kupita kiasi? Nimejishtaki mpaka chakula kikapoa. Mama yangu kapiga simu kuuliza nimekula nini. Nikasema batagor, vile vitafunio vya samaki wa kukaanga. Uongo.

Ijumaa, 17 Mei

Sasa najua!

Kaka Dadan, fundi wetu wa mitambo, karudi kutoka msikitini, kanikuta na lebo zangu, kanionea huruma. "Wewe unazilaza usiku kucha? Kweli kabisa? Bidii hiyo!" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Kacheka mpaka kakohoa. "Mdogo wangu, kipimo kilithibitishwa, na kiwango kikawekwa, Ramadhani. Seli za kulala huyeyushwa alasiri. Alasiri ya Ramadhani nani yuko hapa? Walikuwa wakiziyeyusha asubuhi, muda wa saa mbili tu wa kujinyoosha, kisha hizo, kwenye sahani. Futari haisubiri seli."

Wote! Mikono yote ilifanya kosa moja, ndiyo maana ikalingana. Mimi siku hizo nilikuwa Yogya, natetea tasnifu. Na kwenye kumbukumbu za kazi wote waliandika: zimelala usiku kucha.

Siku tano nimeilaani mikono yangu.

Jumamosi, 18 Mei

Nimemfuata dada Imas kwenye sinki. Nilijiapiza nitasema kwa upole. Nadhani sikuweza.

Kafunga bomba. "Mume wangu yuko mbali, kazini Batam. Wanangu watatu walikuwa wamefunga, wanamngoja mama yao. Ulitaka nifuturu na kabati la joto?"

Nikasema, basi mngeandika ukweli.

"Ukweli! Turudie kila kitu kwa sababu ya usingizi wa seli? Seli hazina mto, mdogo wangu."

Kisha kanipapasa bega kwa mkono wenye maji. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi.

Nikajiuliza: je, kama yeye yuko sawa? Kama kulala au kutolala ni mamoja? Nitapima.

Jumanne, 21 Mei

Si mamoja.

Sahani moja, seli zilezile. Nusu zililala, nusu hazikulala. Zisizolala zina madoa tele — ndani ya kiwango, za kupongezwa! Lakini hata vishimo nisivyotia kirusi vina madoa. Hakuna aliyeviuliza kitu, navyo vinajibu! Seli zimetoka kwenye baridi zimevurugika, zimechanganyika na maiti za wenzao, zinapiga kelele hovyo. Ukiyatoa madoa ya uongo kwenye hesabu, kinachobaki kinayumba, huwezi kukiamini.

Zilizolala ziko kimya penye kimya, zinasema penye la kusema. Madoa machache. Ya kweli. Yangu.

Maana yake ni hii: mtu atachomwa chanjo, isimsaidie kitu, na sahani yetu itasema imemsaidia. Atarudi nyumbani akijua amekingwa.

Nimekumbuka wodi ya Garut, kitanda cha jirani kilichobaki kitupu. Siandiki zaidi.

Jumatano, 22 Mei

Mama Herlina kasoma yote. Kavua miwani. "Kazi safi sana, mwanangu." Moyo ukaruka!

"Basi tatizo limepatikana. Tutarekebisha utaratibu: zipumzike kwa muda wa saa mbili tu. Nawe ukifuata hivyo utafaulu kama wenzako."

Nikasema, lakini Mama, vile vishimo visivyo na kirusi —

"Navyo tutaviwekea kiwango chavyo cha madoa."

Hivyo tu. Kosa halirekebishwi, linaandikwa vizuri.

Kisha akaongeza, kama anayeomba chumvi: chupa za seli zangu zimebaki chache, Ijumaa nitoe damu, watengeneze akiba mpya kwa utaratibu mpya. Na niutie saini utaratibu huo. "Wewe ndiye uliyegundua. Jina lako litangulie."

Ijumaa, 24 Mei

Kwenye benchi, nje ya chumba cha kutolea damu. Bado sijaingia.

Walishapima wafanyakazi wote. Hakuna mwenye seli zinazojibu kama zangu. Maneno yangu wanaweza kuyaacha mezani, damu hawawezi.

Dada Imas kaniletea juisi ya mapera. "Kunywa. Usije ukanidondokea." Nikamwambia nitatoa, ila seli zilale usiku kucha, na kipimo kirudiwe chote. Kaangalia kushoto na kulia, kateremsha sauti: "Hayo kamwambie Mama Herlina. Mimi kazi yangu sindano." Lakini hakuondoka. Kasimama tu, kashika mpira wa kufungia mkono. Baadaye kaongeza, bila kunitazama: "Wangu wa mwisho naye aliwahi kulazwa kwa dengi."

Mama Herlina anakuja koridoni, kalamu mkononi. Anatabasamu. "Mwanangu, unaandika nini? Njoo tumalize."

Imas naye ananiuliza: mkono upi?

Vifungo vya mikono ya gauni la maabara bado nimevifunga, vyote viwili, na sitavifungua mpaka Mama aandike kwa kalamu hiyo: usiku kucha, na kipimo kirudiwe.