Basi la Tram

Jumatatu, 4 Machi 2002
Fomu tena ofisini. Siku nzima napanga biashara za usafiri za Butembo kwenye makundi ya kitabu cha ofisi, kilichoandikwa kwa Kifaransa. Chukudu, baiskeli zetu za mbao, hazimo. Nimeziweka kwenye "mengineyo" nikaona aibu, maana ndizo zinazobeba chakula cha mji. Mabasi ya mjini yana kundi lao: Urbain: bus, tram. Mzee Paluku, mkuu wetu, kaniambia tram ni basi la relini, la miji ya Wazungu. Butembo hatuna hata msumari wa reli. Tumecheka.

Jumatano, 6 Machi
Hatucheki. Wanajeshi wanataka magari yote ya safari ndefu, pamoja na madereva, yapeleke askari Eringeti, kwenye mapigano. Ya mjini yataachwa. Ofisa wao atakuja Jumatatu kuhakiki orodha yetu.
Basi la Kambale, mume wangu, hutoka sokoni hadi hospitali kila siku. Beni huenda Jumamosi tu. Lakini mbele limeandikwa BUTEMBO–BENI, kwa rangi nyekundu. Aliandika mwenyewe siku za uchumba, nilipokuwa nakaa kwa mama kule Beni.
Naogopa. Walioenda Eringeti mwezi jana hawajarudi.

Ijumaa, 8 Machi
Mzee Paluku hataki uongo kitabuni. Basi likibaki mjini kweli, ataliandika la mjini. Basi, hakuna Beni tena. Hakuna kumwona mama.
Nimemwambia Kambale afute jina. Amenuna. "Beni njo ilikuleta mu nyumba yangu, Masika." Hakula. Kichwa kigumu! Nami nampenda, hilo ndilo tatizo. Nimemwachia mezani fomu yenye makundi, ajionee.

Jumapili, 10 Machi
Nimetoka misa, nimekuta amepaka. BUTEMBO–TRAM.
Amesoma fomu, akadhani Tram ni mtaa ambao ofisi imeukubali. "Lakini iko mu fomu yako!" Amejivuna kabisa, na rangi puani. Kopo limekwisha, maduka yamefungwa, kesho asubuhi ofisa. Nimecheka hadi nikalia. Halafu nimelia tu.

Jumatatu, 11 Machi
Magari yamepangwa uwanjani. Ofisa si mtu wa hapa. Amesimama mbele ya basi letu. "Tram ni quartier gani, mtaa gani?"
Mzee Paluku amefungua kitabu taratibu, ameweka kidole kwenye mstari. "Iko huku, commandant. Urbain: bus, tram. Ni ya mu mji."
Hakudanganya hata neno moja. Ofisa amesoma, ameweka alama, amepita.
Mabasi mawili yamechukuliwa. Dereva mmoja alisimamia ndoa yetu. Sikuweza kumtazama mkewe. Kambale amenishika mkono mbele za watu, yeye ambaye hata siku ya harusi aliona haya.

Alhamisi, 14 Machi
Abiria wanauliza Tram iko wapi. Imebidi iwepo. Kambale ameichagua: kituo cha mwisho, juu kilimani, mbele ya mlango wetu. Akina mama wa sokoni wanashuka na vikapu vyao bila wasiwasi. Mwehu wangu huyu.

Jumamosi, 30 Machi
Jumamosi ndiyo ngumu. Saa ya kwenda Beni, Kambale anaosha basi lililo safi. Sina habari za mama. Kesho Pasaka. Nimemkaripia Kambale bure kwa ajili ya sabuni, nikajuta.

Jumapili, 28 Aprili
Msimamizi wetu wa ndoa alirudi Jumanne. Bila basi, amekonda, lakini mzima. Namshukuru Mungu.
Leo jioni nimesikia breki mlangoni. Kambale ameshuka akimshika mtu mkono. Mama! Amesafiri siku mbili kutoka Beni, kwa miguu na kwa baiskeli za watu, na chupa ya mawese mgongoni. Sokoni ameuliza Masika wa ofisi anakaa wapi. Wamemwambia apande basi lile, ashuke Tram. Hakujua ni basi la mkwewe mpaka Kambale alipogeuka.
Amekula, amelala kitandani kwetu. Kiatu chake kimoja kimekatika kamba. Kambale amekaa chini, anakishona.