Vidonge Vitatu Baada ya Futari

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Shoga yako Bi Mwanaidi ndiye aliyenitobolea siri siku ya hitima. "Mama yako alikuwa akivimeza vidonge vya sukari vyote vitatu baada ya futari, asije akaiharibu saumu yake." Daktari aliandika kutwa mara tatu, wewe ukafunga, ukaona haya kumsumbua kwa maswali. Sukari ikaporomoka, ukaanguka jikoni. Na mimi muuguzi, Mama, muuguzi wa zahanati hapa hapa Bagamoyo, nilifuturu nawe kila Ijumaa na sikukuuliza hata mara moja. Naumia. Sikufichi.

Tangu hapo kila mgonjwa wangu namwambia aje na mfuko wa dawa zake zote, anieleze anavyozimeza nyumbani. Simkaripii. Kuna mzee wa Kaole aliyepelekwa Dar mara mbili kwa vipimo kwa sababu presha haishuki. Unajua alinijibu nini? "Mwanangu, nameza kichwa kikiniuma. Kisipouma namezea nini?" Ningecheka, ila nilikukumbuka wewe. Tukazungumza tukaelewana, akachagua mwenyewe saa ya kumeza: akitoka kuswali alfajiri. Presha imeshuka. Safari ya tatu ya Dar imefutwa, na mkewe hauzi tena kuku kwa ajili ya nauli.

Mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, hapendi. "Sista, foleni imefika nje, wewe unapiga soga." Si mtu mbaya, foleni inamtisha. Nilimwambia wanaoulizwa hawarudirudi na maradhi yale yale. Akaniruhusu nijaribu Shaabani yote. Ramadhani ikiingia, nirudi kwenye utaratibu wa zamani. Yaani niache kuuliza mwezi ule ule uliokuchukua wewe.

Mwezi unaandama wiki ijayo. Sirudi, Mama.

Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Nakuahidi, hakuna mgonjwa wangu atakayeanza kufunga kabla hatujakaa pamoja tukapanga dawa zake, au tukakubaliana kwamba mwaka huu asifunge. Mfawidhi akiniandikia barua ya onyo nitaipokea kwa mikono miwili, niiweke mezani, nimwite mgonjwa anayefuata.

Mwanao,
Zuhura